SOMO LA AFYA KAZINI: SHINGO INAYOUMA NA MIKONO YA KUIALISHA



Hivi karibuni nilikuwa Muyinga, katika mkutano wa tawi na wenzetu wa kuosha na kubeba kahawa. Tulikusanyika kuzungumza habari ya malipo ya saa za ziada. Lakini nilipokuwa nasalimiana na watu niliona jambo: kila niliyemwita kwa nyuma aligeuka mwili mzima kunitazama, kama mtu aliyefungwa ubao mgongoni. Basi nikauliza, wangapi humu wanaumwa shingo? Mikono ikainuka karibu yote, na mingine iliishia usawa wa bega kwa sababu kupanda zaidi ya hapo haikuweza. Nikauliza tena, mnajitibu vipi? Hapo kicheko kikaanza. Wengi walijibu kwamba wanakwenda kwa vinyozi. Ukishamaliza kunyolewa, kinyozi hukushika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono wa pili, anakwambia, "Tulia, mzee wangu," halafu twa! kulia, na twa! kushoto. Wengine huenda kwa waunga mifupa wa vilimani. Ndugu mmoja alisema amefanya hivyo kila Jumamosi kwa muda wa miaka miwili, na kila Jumatatu maumivu yanamngoja palepale kazini.

Saa za ziada tulizimaliza upesi siku ile. Wenzetu walitaka kujua kama jambo hilo la kualisha shingo ni dawa au ni hatari, nami niliahidi kuwaandikia somo.

Mimi si daktari. Elimu yangu ni ya shule ya msingi, na nilibeba magunia ya kahawa Gitega miaka kumi na moja kabla ya kuanza kazi hii ya chama. Shingo yangu mwenyewe imepita katika mikono hiyo, kama nitakavyoeleza. Yaliyo ya kitaalamu nimeyapata kwa kuwauliza makine, yaani wataalamu wa mazoezi ya viungo, na kwa kusoma uchunguzi uliofanywa nchi mbalimbali. Nayaandika kwa namna nilivyoyaelewa.

SHINGO YA MBEBAJI

Shingo ina pingili 7. Katikati ya pingili hupita uti wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, nao ndio unaopeleka amri mikononi na miguuni. Pingili zimetenganishwa na visahani laini vya kupunguza mshtuko, na upande wa nyuma zimeungana kwa viungo vidogo, kushoto na kulia. Juu ya yote hayo kimekaa kichwa, ambacho cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi.

Chukua ndoo ya maji, uishike karibu na kifua. Unaweza kusimama nayo huku ukipiga hadithi. Sasa inyooshe mkono mbele yako. Ndoo ni ileile, maji ni yaleyale, lakini hutamaliza dakika moja. Ndivyo ilivyo kwa kichwa. Kikikaa sawa juu ya mabega, misuli ya shingo inafanya kazi ndogo. Kikiinama mbele kutwa nzima, kama kwa mama anayechagua buni mezani au ndugu zetu wa chai wa Teza na Rwegura wanaochuma huku wametazama chini, misuli ya nyuma inavuta bila kupumzika hata inakakamaa.

Mbebaji ana matatizo mawili kwa pamoja. Gunia la kahawa iliyokobolewa ni kilo 60. Analiweka juu ya mabega na kisogo, nalo linasukuma kichwa mbele na chini. Ukipanda nalo ubao wa lori mara 100 kwa siku, umepitisha tani 6 juu ya shingo yako. Wanaobeba juu ya kichwa kwa ngata nao hawakusalimika. Kuna uchunguzi uliofanywa Sierra Leone na kutangazwa mwaka 1997, ambapo madaktari walipiga picha za shingo za watu wanaobeba mizigo kichwani na za watu wasiobeba. Pingili za wabebaji zilikuwa zimechakaa kuliko za wenzao.

Maumivu ya namna hii yakipita miezi mitatu huitwa sugu. Ni hayo hasa tunayoyazungumzia hapa.

ILE SAUTI YA TWA NI NINI

Wengi wetu tunaamini kwamba pingili ilikuwa imetoka mahali pake, na sauti ile ni mfupa kurudi nyumbani. Sivyo. Pingili iliyotoka mahali pake kweli ni ajali kubwa, na mwenye nayo hapelekwi kwa kinyozi, anapelekwa hospitali juu ya machela.

Ndani ya kiungo mna ute, na ndani ya ute mna hewa iliyoyeyuka, kama ilivyo katika Fanta. Ukifungua chupa ya Fanta, nguvu iliyokuwa ikiibana hewa inapungua ghafula na mapovu yanatokea. Kiungo nacho kikivutwa kwa ghafula hufanya vivyo hivyo, na hapo sauti inasikika. Ni sawa na kualisha vidole. Jaribu kualisha kidole hichohicho mara ya pili papo hapo: hakitalia mpaka zipite dakika kama 20 hivi. Kwa hiyo sauti haionyeshi kwamba umepona, na kutolia hakuonyeshi kwamba hukutibiwa.

Lakini nafuu ipo, nami sitawadanganya. Kiungo kikivutwa, misuli iliyokakamaa hulegea kwa muda na maumivu hupungua. Swali ni kwa muda gani, kwa gharama gani, na mikononi mwa nani.

HABARI YA MFANYAKAZI MWENZETU WA MAREKANI

Kunyoosha pingili kwa mikono ni jambo la kale na liko kila nchi. Huko Marekani limekuwa taaluma yenye shule zake, na chanzo chake kinatuhusu, maana mgonjwa wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa mikono, mtu mweusi aitwaye Harvey Lillard. Alikuwa mtunzaji wa jengo moja katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Alikuwa amepoteza usikivu kwa miaka 17. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa anafanya kazi ameinama mahali pa kubana, akasikia kitu kimeachia mgongoni, na tangu hapo masikio yakaziba. Tarehe 18 Septemba 1895 bwana mmoja jina lake D. D. Palmer, aliyekuwa na ofisi katika jengo hilohilo, alimsukuma pingili na akatangaza kwamba Lillard amesikia tena. Kutokana na hapo Palmer alianzisha kazi anayoiita kiropraktiki, akafungua shule, na mwaka 1906 akafungwa jela kwa kutibu watu bila kibali.

Madaktari wengi walipinga hadithi hiyo ya masikio, kwa sababu mshipa wa fahamu wa kusikia uko kichwani na haupiti shingoni wala mgongoni. Mimi napenda kuitazama kwa upande mwingine. Watu wamebishana zaidi ya miaka mia juu ya mikono ya Palmer, lakini ni wachache wanaouliza kwa nini mtu aliachwa afanye kazi ameinama mahali pa kubana hata akaumia.

Leo Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wake wa mwaka 2005 juu ya kazi hiyo. Unasema mafunzo kamili yasipungue saa 4,200, na ndani yake saa 1,000 ziwe za kutibu wagonjwa chini ya mwalimu. Afrika ya Kusini wanafundisha fani hii katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg. Basi pima mwenyewe: kinyozi wetu, ambaye namheshimu kwa wembe wake, amesoma saa ngapi?

WALIOPIMA WAMEONA NINI

Uchunguzi mmoja wa Marekani uliotangazwa mwaka 2001 ulichukua watu 191 wenye maumivu sugu ya shingo. Wote walitibiwa kwa muda wa wiki 11. Kundi moja lilinyooshwa pingili tu. Kundi la pili lilinyooshwa na kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli. Kundi la tatu lilifanya mazoezi kwa mashine. Mwishoni mwa matibabu wote walikuwa wamepata nafuu. Lakini walipofuatwa baadaye, mwaka mmoja na hata miwili, waliofanya mazoezi walikuwa na hali bora kuliko wale walionyooshwa tu.

Uchunguzi mwingine ulitangazwa mwaka 2012. Hao walikuwa watu 272 ambao maumivu yao yalikuwa bado machanga, ya wiki 2 hadi 12. Wengine walipewa vidonge, wengine walinyooshwa na wataalamu kwa wiki 12, na wengine walifundishwa mazoezi ya nyumbani, mara mbili tu, saa moja kila mara, wakaenda kujifanyia wenyewe. Walionyooshwa walipata nafuu kuliko wa vidonge. Lakini waliojifanyia mazoezi nyumbani hawakuachwa nyuma na walionyooshwa.

Mwaka 2015 wachunguzi walikusanya majaribio 51 ya namna hii na kuyapima kwa pamoja. Waliona kwamba kunyoosha kwa ghafula kunasaidia, lakini tofauti yake na kusogeza viungo polepole kwa mkono, bila kishindo, ni ndogo. Tena walisema ushahidi wenyewe kwa sehemu kubwa si imara sana.

Sasa mtu mwenye mshahara wetu ayafikirie hayo. Kama kusogeza polepole kunafanya kazi karibu ileile, na mazoezi ya bure yanadumu zaidi, kwa nini nilipe kila Jumamosi kwa jambo lenye hatari?

HATARI YENYEWE

Pingili za shingo zina vitundu pembeni, na ndani ya vitundu hivyo hupanda mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Shingo ikipindwa kwa nguvu na ghafula, ngozi ya ndani ya mshipa huweza kuchanika. Damu inaganda pale, kipande kinapanda ubongoni, na mtu anapata kiharusi, hata akiwa kijana. Jambo hili ni nadra, sitaki kuwatisha bure. Lakini likitokea halirudishwi nyuma. Mtu akipindwa shingo, halafu siku hiyo au siku zinazofuata akaona vitu viwili viwili, akapata kizunguzungu kisichoisha, ulimi ukawa mzito, uso ukalegea upande mmoja, au kichwa kikamuuma kwa namna asiyowahi kuijua, apelekwe hospitali saa ileile. Asiambiwe alale kwanza.

Ziko pia shingo ambazo hazifai kupindwa kabisa. Kifua kikuu hakikai kifuani tu, kinaweza kula pingili, na pingili iliyoliwa inavunjika kama muhogo mkavu. Kwa hiyo mwenye maumivu ya shingo pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, aende akapimwe. Mwenye homa kali na shingo iliyokauka ghafula huenda ana homa ya uti wa mgongo, na huyo hana muda wa kusubiri kesho. Aliyeanguka kutoka juu ya lori au kuangukiwa na gunia asiguswe shingo na mtu yeyote kabla ya picha. Halafu mbebaji wa miaka mingi ambaye vidole vimeanza kushindwa kufunga vifungo vya shati, miguu inayumba, au mkojo unamponyoka: huyo uti wake wa fahamu unabanwa, na kupindwa mara moja tu kunaweza kumlaza kitandani maisha yake yote.

YALIYONIPATA MIMI

Nilipokuwa mbebaji, shingo ilinianza mwaka wa saba wa kazi. Nilikwenda kwa kinyozi, nikapata wepesi wa siku mbili. Nikarudi, nikapata siku moja. Mara ya tano au ya sita, niliposimama kitini, nilihisi umeme umeshuka mkono wa kushoto mpaka kidole gumba, na ganzi ile ilikaa miezi.

Niliporipoti kazini kwamba siwezi kuinua gunia, karani alifungua daftari akauliza kama nimepata kutibiwa. Nikasema ukweli wangu wote, na habari ya kinyozi nikaisema. Akaandika. Nilipoomba nisome alichoandika, nilikuta haya: ameumizwa na kinyozi, ugonjwa wa nyumbani. Miaka saba ya magunia haikuandikwa popote. Kapita alikuwa amesimama pale, alinijua tangu siku ya kwanza, lakini alitazama dirishani. Nilikaa wiki tano bila mshahara, na hakuna karatasi yoyote iliyopelekwa INSS.

Ndugu zangu, sehemu hii naomba isomwe mara mbili. INSS ina tawi la ajali za kazi na magonjwa yatokanayo na kazi, na mchango wa tawi hilo hulipwa na mwajiri peke yake. Lakini kitu cha kwanza kinachotakiwa huko ni karatasi inayoonyesha umeumia lini, wapi, na kwa kazi gani. Mtu anayekwenda kualishwa shingo kila Jumamosi kwa siri hana karatasi hata moja. Maumivu yake ya miaka hayajulikani na mtu isipokuwa mkewe. Siku mambo yakiharibika, kinyozi ndiye anayebeba lawama, na gunia linabaki bila kosa.

Kwa hiyo shingo ikikuuma kwa ajili ya kazi, siku ileile mwambie kapita mbele ya shahidi, na mwambie mjumbe wa chama aandike tarehe. Nenda kituo cha afya, useme wazi kwamba unabeba mizigo ya kilo kadhaa, mara kadhaa kwa siku, na uombe iandikwe katika karatasi yako. Ukipewa barua ya kwenda kwa kine, usiitupe. Wenzetu wa Gitega wana bahati ya kuwa na kituo cha taifa cha viungo bandia na mazoezi, kile kinachoitwa CNAR. Wa Muyinga waanzie hospitali yao, waulizie huko.

MAZOEZI NILIYOFUNDISHWA

Mimi nilipona kwa kiasi kikubwa kwa haya, ingawa ilichukua miezi minne na mwezi wa kwanza nilidhani kine ananifanyia mzaha. Mwenye dalili za hatari nilizotaja asiyafanye kabla hajapimwa.

Kaa wima. Rudisha kidevu nyuma kama unayetaka kutengeneza kidevu cha pili, bila kuinua wala kuinamisha uso. Shika huku ukihesabu mpaka tano, achia. Halafu geuza uso polepole kulia mpaka unapoanza kuhisi kuvutwa, ngoja, rudi, kisha kushoto. Usilazimishe. La tatu, vuta mabega nyuma kana kwamba unabana kitambaa katikati ya mbawa za mgongo. La mwisho, weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kwa kichwa na uzuie kwa mkono, kichwa kisisogee. Kisha ufanye hivyo kisogoni na kila upande. Fanya kila moja mara 5 hadi 10. Wale wa uchunguzi wa mwaka 2012 waliambiwa warudie hata mara 6 hadi 8 kwa siku. Hayana haja ya mashine wala ya kuvua shati. Unaweza kuyafanya ukingoja lori.

Ukihisi ganzi au umeme mkononi, simama, urudi kwa kine.

NA GUNIA JE?

Mazoezi ya jioni hayawezi kushindana na tani 6 za mchana. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127 na Pendekezo namba 128 juu ya uzito wa juu ambao mfanyakazi mmoja anaweza kubebeshwa. Pendekezo linataka mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na kwa wanawake na vijana iwe chini sana ya hapo. Sisi tunabeba 60, na msimu wa mvua gunia likinyonya maji hakuna anayejua ni ngapi.

Mambo mengine si ya gharama kubwa. Kuinua gunia watu wawili. Kigari cha magurudumu mawili kutoka ghalani hadi kwenye lori. Jukwaa la usawa wa lori, ili mtu asipande ubao uliosimama kama ngazi. Kubadilishana, saa moja kubeba na saa moja kushona magunia. Meza za wachaguaji kuinuliwa kwa matofali mawili, wasiiname kutwa. Katika mahali pamoja ambapo kigari kililetwa, wenye mali walishangaa kuona lori linajaa upesi kuliko zamani. Sijui kwa nini walishangaa.

Kabla ya mkutano ujao, kila tawi likae na somo hili na kujibu maswali yafuatayo kwa maandishi. Gunia au kapu mnalobeba lina kilo ngapi kwa mizani, si kwa kukisia? Mtu mmoja hubeba mara ngapi kwa siku? Wangapi wanaumwa shingo zaidi ya miezi mitatu, na wangapi kati yao wana karatasi ya kituo cha afya? Daftari la ajali liko wapi, na mjumbe wenu amewahi kulisoma? Majibu yaletwe kwa katibu wa tawi. Wasiojua kuandika wasaidiwe na wenzao, na ndugu yetu wa kila Jumamosi naomba awe wa kwanza kuandikwa.